Mwenye Nguvu ni Nani?
Ndugu Waislamu, wazazi wengi huhofu kwamba mtoto akifunzwa kupigana atageuka mgomvi. Hebu tuutazame mchezo wa judo, ulioasisiwa na Jigoro Kano mjini Tokyo mwaka 1882. Mwanafunzi hufunzwa kwanza kuanguka pasipo kuumia, kabla ya kumwangusha mwenzake. Na mwenzake akipiga mkono kuashiria kushindwa, humwachia papo hapo. Hivyo ndivyo ghadhabu inavyotiwa lijamu. Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuwa mwenye nguvu si bingwa wa mieleka, bali ni yule aimilikiye nafsi yake anapoghadhibika. Basi tuwachagulie watoto wetu mwalimu mwenye adabu, kisha tuwatazame nyumbani: je, wamezidi upole kwa wadogo zao?