Batri mbili bure: tuijue alternateri ya gari letu

Juma hili hatuandiki juu ya lishe wala juu ya madeni ya shule. Tunaandika juu ya chuma kimoja kinachokaa chini ya kapo ya gari, kikubwa kama sufuria ndogo ya sombe, ambacho kwa miezi mitatu kilikula pesa ya sanduku letu na kidogo tu kivunje chama. Jina lake ni alternateri.

Wengi wenu mnakijua kisa hiki, lakini kila mmoja anakijua nusu. Basi tukipange vizuri. Hiace yetu hupeleka wamama Kasumbalesa mara mbili kwa juma, na hurudi na unga, samaki wa chumvi na sabuni. Asubuhi moja ikakataa kuwaka. Fundi wa karibu akaitwa, akagonga hapa na pale, akasema: «Mama, batri imekufa.» Tukanunua batri mpya. Majuma matatu hayakupita, asubuhi tena kimya. Ukizungusha ufunguo unasikia tiki-tiki-tiki, basi. Fundi yuleyule akasema batri ile ilikuwa ya ovyo, tununue nyingine ya bei kubwa zaidi. Tukanunua. Nayo ikaanza kulegea.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Katika mkutano mama mmoja alisema kwamba batri mpya haifi mara mbili, labda shofere anauza mpya na kutuwekea za zamani. Shofere wetu ni mtoto wa mwenzetu. Mama yake alisimama, akafunga vizuri kitenge chake, akatoka bila kusema neno. Majuma manne hatukumwona. Na sisi tunaoandika haya tulikuwa tumekaa mbele pale na daftari la pesa mkononi, tukanyamaza. Hilo tunalisema wazi.

Kisha ikaja ile siku ya tano. Gari lilichelewa mpakani, jua likazama wakiwa njiani. Shofere aliwasha taa kubwa. Wamama sita waliokuwa ndani wanasema taa zilikuwa nyekundu-nyekundu kama mshumaa unaokwisha. Redio ikazima yenyewe. Halafu moteri ikaanza kukohoa, ikafa katikati ya giza, kwenye barabara ambayo makamyo ya madini hupita usiku na mchana. Taa za hatari hazikuwaka hata moja, maana batri ilikuwa tupu kabisa. Mmoja wao alikuwa na mtoto wa miezi mitano mgongoni. Walishuka wote, wakakata matawi ya miti, wakayapanga barabarani nyuma ya gari, wakasimama mbali majanini.

Shofere wa kamyo moja alisimama. Hakuweza kuwapa umeme wa batri zake, kwa sababu kamyo lake ni la volti 24 na Hiace ni ya volti 12. Kuunganisha hivyo kungeunguza vitu. Lakini alifungua kapo, akamulika kwa telefoni, akauliza swali moja tu: «Taa nyekundu ya batri kwenye tablo huwa inawaka?» Shofere wetu akajibu kwamba taa ile iliungua zamani, haijawaka hata siku moja tangu tununue gari. Yule baba akatikisa kichwa. «Batri haina kosa. Alternateri haichaji.»

Gari lilivutwa hadi mjini usiku ule. Kesho yake, siku ya posho, tulimpelekea fundi mwingine, na safari hii tuliomba ruhusa ya kukaa karibu naye. Alipofungua alternateri juu ya meza yake sisi tuliuliza maswali mpaka akacheka, akasema walimu ni watu wa taabu. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Batri haitengenezi umeme. Inautunza tu. Kazi yake kubwa ni kuzungusha demarere ili moteri iwake, na kazi hiyo inataka nguvu nyingi kwa sekunde chache. Moteri ikishawaka, umeme wote wa taa, redio, vifuta-kioo, hata cheche za buji zinazochoma esansi, unapaswa kutoka kwa alternateri. Na alternateri hiyohiyo inarudishia batri kile ilichotoa asubuhi. Ninyi mlio katika likirimba mtaelewa haraka: batri ni sanduku, alternateri ni mchango wa kila juma. Watu wakiacha kuleta mchango na matumizi yakiendelea, sanduku litakwisha. Sisi tulinunua sanduku jipya mara mbili, wakati hakuna aliyekuwa akileta mchango.

Umeme wenyewe unatengenezwa namna gani? Mnakumbuka dinamo ya kinga, ile chupa ndogo inayosuguana na gurudumu ili taa iwake. Ukipiga pedali, mwanga unapanda, ukisimama, giza. Kanuni ni moja. Mwaka 1831 mwanasayansi wa Uingereza, Michael Faraday, alionyesha kwamba ukisogeza sumaku karibu na waya wa shaba uliozungushwa, umeme unapita ndani ya waya. Kila mara sumaku inaposogea. Ikitulia, hakuna kitu. Mitambo mikubwa ya maji kama ile ya Mwadingusha inafanya kazi kwa kanuni hiyo, na alternateri ya Hiace vilevile.

Ndani yake kuna sehemu mbili. Katikati kuna kitu kinachozunguka: ni chuma chenye waya mwingi, na waya ule ukipewa umeme kidogo, chuma kinageuka sumaku. Pembeni yake, ikiizunguka, kuna nyaya za shaba zimefungwa kwa mafungu matatu, hazisogei. Shaba ileile inayochimbwa hapa kwetu Katanga, tuliishika kwa mkono wetu, na tulifikiri safari yake: inatoka hapa ikiwa jiwe, inarudi ndani ya gari la okazio lililovuka bahari.

Moteri inazungusha sumaku hiyo kwa kurua, ule mkanda wa mpira mweusi mnaouona mbele ya moteri. Puli ya alternateri ni ndogo kuliko ya moteri, kwa hiyo inazunguka mbio zaidi. Moteri ikizunguka mara 800 kwa dakika gari likiwa limesimama, alternateri inaweza kufika mara 2000. Umeme unaotoka hapo unakwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, na batri haiutaki hivyo. Ndiyo maana kuna vipande vidogo viitwavyo diodi, kwa kawaida sita, ambavyo ni kama mlango unaofunguka upande mmoja tu. Na kuna regilateri, mlinzi anayepima: umeme ukizidi anapunguza nguvu ya sumaku, ukipungua anaongeza.

Sasa tufike kwenye ugonjwa wetu. Ile sumaku inazunguka, na bado inahitaji kupewa umeme. Utampaje mtu chakula huku anacheza? Kuna vijiti viwili vidogo vinavyoegemea pete za shaba zinazozunguka, vikisukumwa na springi. Mafundi wanaviita sharbo, na ndivyo vilivyo, ni aina ya makala iliyokandamizwa. Vinasuguana na pete tangu siku ya kwanza na vinakwisha polepole, kama chaki ubaoni. Vyetu vilibaki vifupi kuliko ukucha wa kidole kidogo. Siku nyingine viligusa pete, alternateri ikachaji. Siku nyingine havikugusa, batri ikabeba mzigo wote peke yake. Ndiyo sababu kila batri mpya iliishi majuma machache kabla ya kuanguka. Hakuna mtu aliyeiba kitu.

Sharbo mbili mpya na kazi ya kuzifunga havikufika hata robo ya bei ya batri moja.

Tangu siku ile tumekuwa wakali juu ya dalili, na tunataka kila mama anayepanda gari letu azijue, siyo shofere peke yake. Ya kwanza ni ile taa nyekundu yenye picha ya batri. Ufunguo ukizungushwa kabla moteri haijawaka, taa hiyo inapaswa kuwaka. Moteri ikishawaka, izime. Ikibaki inawaka, au ikiwaka njiani, alternateri haichaji. Na kama haiwaki kabisa mwanzoni, msifurahi: huenda taa yenyewe imeungua, kama yetu, na gari limebaki bila mdomo wa kusema kwamba linaumwa. Balbu ile ni kitu kidogo, tuliiacha miaka miwili.

Usiku, angalieni mwanga. Taa kubwa zikififia gari likisimama na kupanda moteri ikikazwa, mchango haufiki vizuri. Vifuta-kioo vikienda kwa uchovu wakati wa mvua, vivyo hivyo. Kisha kuna sikio. Kurua iliyolegea inalia kama kuku aliyekanyagwa, hasa asubuhi au siku ya mvua. Haiwezi tena kuvuta puli sawasawa. Sauti nzito ya kunguruma inayopanda pamoja na moteri mara nyingi ni rulma za alternateri zinazokwisha. Na pua: harufu ya mpira au ya waya unaoungua haingoji kesho.

Kuna ugonjwa wa upande wa pili ambao watu wengi hawaufikirii, yaani kuchaji kupita kiasi. Mlinzi regilateri akifa, anaweza kuacha mlango wazi. Balbu zinaungua ovyo, maji ya batri yanachemka na kupungua, na unasikia harufu ya mayai yaliyooza. Hewa inayotoka kwenye batri ya namna hiyo inaweza kulipuka, kwa hiyo usikaribie na kiberiti wala sigara, na watoto wakae mbali.

Kupima ni rahisi kuliko kupima homa. Tumenunua multimetri ndogo kwa pesa ya chama, iko kwa mama mweka hazina. Gari likiwa limelala usiku mzima, batri nzuri iliyojaa inaonyesha karibu volti 12,6. Washa moteri: kwa magari mengi kama letu, namba ipande hadi kati ya 13,8 na 14,4. Ikibaki 12 na kitu na kuendelea kushuka, alternateri ni mgonjwa, usikubali mtu akuuzie batri. Ikipita 15, regilateri imeharibika. Kisha washa taa kubwa na upepo wa ndani, upime tena. Namba ikianguka sana, kurua au alternateri ina udhaifu.

Jambo moja tunalikataza kabisa. Mafundi wengine, ili kupima, wanafungua waya wa batri moteri ikiwa inawaka na kusema: ikizima, alternateri imekufa. Hiyo ni hila ya magari ya zamani sana. Batri inasaidia kutuliza umeme. Ukiiondoa ghafla, volti zinaruka juu na zinaweza kuunguza diodi, regilateri na vitu vingine vya umeme ndani ya gari. Mtu akitaka kufanya hivyo kwenye Hiace yetu, mwambieni kwa heshima aache, multimetri ipo.

Je, taa nyekundu ikiwaka njiani, mko mbali na mji? Kwanza shofere aangalie kipimo cha joto. Katika magari mengi kurua inayozungusha alternateri ndiyo inayozungusha pampu ya maji. Ikikatika, moteri itachemka, na hapo ni lazima kusimama kabla haijaharibika. Kama joto ni la kawaida, zimeni redio, upepo, na mchomoe telefoni zote zinazochajiwa. Tunajua hilo la telefoni ni gumu. Msizime moteri, maana haitawaka tena. Mchana, batri nzuri inaweza kulifikisha gari la esansi mbali kidogo, labda nusu saa au zaidi. Usiku na taa kubwa, muda ni mfupi sana. Tafuteni mahali penye watu na msimame hapo mkiwa bado na umeme wa taa za hatari.

Fundi wa pili alituambia pia tusikimbilie kununua alternateri nzima. Sharbo, regilateri, diodi na rulma vinaweza kubadilishwa kimoja kimoja, mradi nyaya za shaba hazijaungua. Tukinunua ya okazio, ipimwe juu ya gari kabla ya kulipa, na tuombe kuonyeshwa sharbo zake. Cha zamani kilichotolewa kirudishwe kwetu. Vijiti vyetu viwili viko katika bahasha pamoja na risiti, na kila mwanachama anaweza kuviona.

Mama wa shofere amerudi mkutanoni. Hakuna aliyemwita, alikuja mwenyewe siku ya posho iliyopita, akakaa nyuma, karibu na mlango. Yule mama aliyesema maneno yale alimpelekea kiti. Waliongea kwa sauti ndogo, hatukusikia, wala halituhusu. Sisi kwa upande wetu tuliandika ukurasa mmoja katika daftari la chama, kwamba shofere hakuwa na kosa, na kwamba tulinyamaza tulipopaswa kuuliza. Ukurasa huo utasomwa mkutano ujao, saa nane, na baada yake shofere mwenyewe atafungua kapo na kutuonyesha namna ya kupima. Mje na watoto wakubwa, wasichana pia.