Rangi ya kuku haiji kwa bahati

KATIKA masoko ya mpakani kuku wa kienyeji huuzwa kwa uzito wa mkono. Mnunuzi anamnyanyua, anampapasa kifua, anataja bei. Lakini wapo wateja wanaoangalia manyoya kwanza. Wanataka jogoo mwenye kishungi, mtetea wa rangi ya moshi, kuku mwenye manyoya hadi vidoleni, au yule ambaye manyoya yake yamejikunja kana kwamba yamechanwa kinyumenyume. Hao ndio kuku wa urembo, na jozi moja iliyochaguliwa vizuri huweza kumpa mfugaji fedha ambazo kuku kadhaa wa mchuzi hawampi.

Ninaandika kwa ajili ya wenzangu tuliorudi nyumbani, na kwa wachuuzi wanaovuka Mugina na Manyovu, Kobero na Kabanga, kwa sababu biashara hii inazaa ugomvi. Mtu ananunua jozi ya rangi moja, vifaranga wanatoka rangi tatu. Anarudi sokoni amefura, anamwita muuzaji tapeli. Muuzaji naye anaapa kwa jina la mama yake. Mara nyingi wote wawili ni wakweli. Kinachokosekana ni elimu.

Mimi ni mwalimu. Nilizaliwa katika makazi ya Katumba, Tanzania, mtoto wa watu waliokimbia Burundi mwaka 1972. Nilisoma hukohuko kwa Kiswahili, nikarudi mwaka 2009. Wengi wetu tulikuta mashamba ya wazazi yana watu wengine. Tuliopatana na kugawana nao tulibaki na kipande kinachotosha nyumba, migomba michache na banda. Ng'ombe hawezekani hapo. Kuku anawezekana. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba habari ya kuku wa urembo ni mchezo wa matajiri tu.

Ulikotoka ufugaji huu

Uingereza ilipiga marufuku mapigano ya majogoo mwaka 1835. Watu waliokuwa wakichagua majogoo kwa ukali wakaanza kuwachagua kwa sura, na mwaka 1845 yakafanyika maonyesho makubwa ya kuku mjini London. Baadaye kidogo wakaja kuku wakubwa wenye asili ya Asia, kina Cochin na Brahma, wenye manyoya miguuni, watu wakawagombania. Mwaka 1865 Waingereza walitoa kitabu cha viwango kinachoeleza kila aina iweje, na Wamarekani wakatoa chao mwaka 1874.

Sisi pia tuna aina zetu. Yupo kuchi, mrefu, mwenye kifua kilichosimama. Yupo kishingo, asiye na manyoya shingoni. Wapo wa vishungi na wa miguu mifupi. Tofauti ni kwamba wenzetu waliandika, sisi tuliacha kila jogoo azunguke kijiji kizima.

Rangi ya moshi

Tuanze na rangi inayogombanisha watu wengi. Wafugaji wanaiita bluu, ingawa jicho la kawaida linaona kijivu cha moshi. Kila kifaranga hupokea sifa zake nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kuku wa asili nyeusi akipokea kinasaba cha bluu kwa mzazi mmoja tu, weusi wake unapauka na kuwa moshi. Akikipokea kwa wazazi wote wawili, anapauka zaidi, anakuwa mweupe-kijivu mwenye madoa yaliyotawanyika.

Sasa piga hesabu. Ukipandisha jogoo wa moshi na mtetea wa moshi, katika kila vifaranga wanne utegemee, kwa wastani, mweusi mmoja, wa moshi wawili, na wa madoa mmoja. Hakuna aliyekuibia. Anayetaka vifaranga wote wawe wa moshi achukue jogoo mweusi na mtetea wa madoa, au kinyume chake. William Bateson na R. C. Punnett wa Cambridge walilichunguza jambo hili mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuku wanaoitwa Andalusian, na hesabu yake haijabadilika.

Manyoya yaliyojikunja yanafuata njia hiyohiyo. Kuku mzuri wa aina hii ana kinasaba kimoja cha kujikunja. Ukipandisha wawili waliojikunja, robo ya watoto watapata viwili. Manyoya yao yatakuwa dhaifu, yatakatika, na kuku atabaki nusu uchi, akitetemeka kwa baridi ya milimani. Mpandishe aliyejikunja na mwenye manyoya ya kawaida. Nusu ya vifaranga watajikunja, na wote watakuwa na manyoya ya kuwakinga.

Kwa kishingo, tazama mbele ya shingo. Akiwa na kishada cha manyoya hapo, sifa hiyo ameipata kwa mzazi mmoja. Asipokuwa na kishada, au akiwa na unyoya mmoja mmoja tu, ameipata kwa wote wawili. Jogoo wa namna hiyo, hata ukimpa mitetea wa kawaida, atakuzalia vishingo watupu.

Wa miguu mifupi sana wana jambo zito zaidi. Kinasaba chao kikikutana viwili, kifaranga anafia ndani ya yai. Mwenye kuwapandisha wao kwa wao atapoteza kama robo ya mayai. Asimtafute jirani mwenye jicho baya, abadilishe jogoo.

Mchuuzi atapenda kujua na hili. Ukipandisha jogoo mweusi mtupu na mtetea mwenye milia myeusi na myeupe, vifaranga wa kiume huanguliwa na doa jeupe kichwani, wa kike hawana. Siku ya kwanza tu unajua pora ni yupi na tembe ni yupi.

Kazi ya banda

Maarifa hayo hayafai kitu kama kuku wanazurura. Mtetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini mwake hata wiki mbili au tatu. Ukimnunua leo, mayai ya wiki hii ni ya jogoo wa alikotoka. Mtenge na majogoo wengine, mpe jogoo uliyemchagua, subiri wiki tatu, ndipo uanze kukusanya mayai ya kuatamiwa. Andika kwa penseli kwenye yai herufi ya banda na tarehe. Siku 21 zikitimia, vifaranga wafungwe uzi wa rangi mguuni, ulegezwe kadiri wanavyokua. Daftari la mtoto wa shule linatosha.

Umbo kwanza, rangi baadaye. Kuku mwenye kidari kilichopinda au vidole vilivyopogoka asizalishwe hata akiwa na rangi ya kupendeza. Huyo ni wa mchuzi. Tena usikate shauri mapema, maana kifaranga hubadilisha manyoya zaidi ya mara moja kabla ya kukomaa. Na usimrudishe jogoo kwa mabinti zake mwaka baada ya mwaka. Badilishana na mfugaji wa mbali unayemwamini.

Kuku mgeni

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sisi tuliorudi tunaujua uchungu wa methali hiyo, kwa maana tulitazamwa hivyo na majirani. Kwa kuku wenyewe, hata hivyo, kamba ni haki. Kila kuku anayeingia akae peke yake wiki mbili au zaidi. Mdondo hauchagui rangi. Tenga moja lililopita njia za panya usiku linaweza kumaliza kuku wa kilima kizima, wakiwemo wa mjane aliyetegemea mayai kununua chumvi. Chanjo ya tone moja jichoni, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, ni nafuu kuliko jogoo mmoja.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mchuuzi mdogo amepunguziwa karatasi. Lakini kuku hai bado anahitaji cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo. Kiulizie kabla ya kufunga safari, si baada ya kukamatwa na tenga mkononi.

Wito wangu ni mmoja. Muuzaji, unapouza jozi, mwandikie mnunuzi kwenye karatasi wazazi walikuwa wa rangi gani na chanjo ilikuwa lini. Mnunuzi, iombe karatasi hiyo kabla ya kutoa faranga au shilingi. Wengi wetu tunajua gharama ya kudai shamba bila karatasi. Tusiyarudie hayo kwa kuku.