Gari la Marehemu Kaka Yangu Huko Makutano

Kenya ina Makutano nyingi, na msafiri atokaye Mombasa kwenda Meru hupita mbili kabla ya kuifikia ya tatu. Ya kwanza ni njia panda ya kwendea Machakos, kwenye barabara kuu ya Nairobi. Ya pili iko Mwea, pale barabara ya Embu inapoachana na ile ya Nyeri. Ya tatu ndiyo hii ya mjini Meru, na hapo ndipo gari la marehemu kaka yangu liliponizimikia jioni ya Alhamisi, ilhali Ijumaa baada ya Alasiri mimi ndimi niliyetakiwa nimwozeshe binti yake.

Wasomaji wanajua kwamba baba akiwa hayupo, wala babu, wala ndugu wa kiume, uwalii humfikia ami. Msikitini ningaliweza kufika hata kwa miguu. Shida ilikuwa gari. Binti alikuwa na ombi moja tu: baada ya nikahi apelekwe kwa mumewe ndani ya gari lile lile ambalo baba yake alikuwa akimpelekea chuoni. Mahari yake haikuwa na makuu, wala hakutaka ngoma. Aliomba gari.

Gari lenyewe ni Peugeot 404, gia zake kwenye usukani, na mbele lina tundu la kutilia hendeli. Aina hii ilitengenezwa Ufaransa kuanzia mwaka 1960 hadi 1975, na watu wa umri wangu hawahitaji kuambiwa sifa zake. Katika mashindano ya Safari ya mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 vile vile, na mara zote mbili aliyeshinda ni Nick Nowicki ndani ya 404. Katikati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, Bert Shankland wa Tanzania naye alishinda kwa 404. Kaka yangu alikuwa akizitaja hesabu hizi kama mtu anayetaja nasaba yake.

Sasa ugonjwa. Likisimama, gari lilinguruma vizuri. Mlimani, nikikanyaga mafuta hadi chini, lilipanda bila ya manung'uniko. Lakini likifika tambarare, mguu ukatulia katikati, lilianza kukohoa, likakatika, kisha likarudi kwa kuruka kama punda aliyechomwa mwiba. Mombasa nilikwisha nunua plagi nne, koili na kondensa, na kabureta ilifunguliwa mara mbili. Kila fundi aliniapia kuwa limepona, maana kila mmoja alilijaribu likiwa limesimama!

Barabara ya kutoka Embu kupitia Runyenjes na Chuka hushuka mabondeni na kupanda tena, kwa kuwa mito inateremka kutoka Mlima Kenya na njia inaikata yote. Pale daraja la Nithi, ambako mwezi wa Julai 2022 basi lilitumbukia na watu zaidi ya 30 wakafa, nilipita nikisoma kila dua niijuayo. Nikafika Makutano gari likikata na kurudi, hata likazima katikati ya matatu zinazopiga honi. Vijana wakanisukumia pembeni.

Asubuhi likawaka kwa mara ya kwanza, kana kwamba jana halikuwa lenyewe. Mafundi vijana wakanitazama kama mwongo. Mmoja alikuja na kile chombo cha kusomea kompyuta za magari, akainama chini ya usukani kutafuta pa kukichomeka, akainuka akicheka. Gari hili halina kompyuta, lina waya tu. Kwa nia njema kabisa akanishauri tung'oe injini, tuweke ya Kijapani. Nilikuwa ninakaribia kukubali.

Ndipo akaja mzee mmoja, fundi wa zamani, amevaa koti zito la baridi. Hakugusa kitu. Aliniuliza, "Shekhe, linakatika ukipanda au ukienda tambarare?"

Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa.

"Basi tusiongee habari ya mafuta," akasema. "Gari lenye njaa ya mafuta hulia mlimani. Hili linalia likipumzika."

Akaomba balbu ndogo ya taa ya nyuma yenye waya mbili. Alianza kwenye betri, akaja kwenye swichi ya ufunguo, akaja kwenye koili. Kila mahali balbu ikawaka. Kwa hiyo umeme ulikuwa ukifika. Mfumo huu wa betri na koili ni wa tangu zamani, ulibuniwa na Charles Kettering wa Marekani, na magari ya Cadillac yalikuwa nao pamoja na stata ya umeme mwaka 1912. Ndani ya distribyuta mna pletini, vyuma viwili vinavyogusana na kuachana, na kila vikiachana koili huzaa cheche. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pletini huachana mara 100 kila sekunde. Waya mmoja mwembamba ndio unaoleta umeme hapo.

Mzee akaunga balbu baina ya upande wa koili unaokwenda kwenye pletini na bodi ya gari. Akachomoa ule waya mnene wa katikati ya koili ili injini isije ikamrudishia hendeli mkononi, kisha akazungusha taratibu. Balbu ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Vijana wakasema, "Si unaona, mzee, ni nzima." Naye hakuwajibu.

Ubavuni mwa distribyuta pana kijikombe cha bati chenye kiwambo ndani, na mpira mwembamba unaotoka kwenye kabureta. Dereva akienda kwa mguu mwepesi, injini huuvuta upepo wa mpira huo, kiwambo kinavutika, na kile kibati kilichobeba pletini kinasogea ili cheche iwahi. Ukikanyaga hadi chini mvuto hupotea, kibati kikarudi mahali pake. Mzee akauchomoa mpira upande wa kabureta, akanipa mimi.

"Tia mdomoni, Shekhe. Vuta."

Basi mimi, walii wa bibi harusi, kanzu na kofia, nikainama chini ya boneti nikanyonya mpira wa mafuta mbele ya umati wa Makutano. Mzee akazungusha hendeli. Balbu ikawaka, na safari hii haikuzima hata kidogo. Nikaachia pumzi, ikarudi kuwaka na kuzima. Nikavuta tena, ikaganda ikiwaka. Yule kijana wa kompyuta akasema, "Ala!" akasogea karibu.

Ule waya wa ndani ya distribyuta ulikuwa umekatika katika ngozi yake. Kwa nje ni mzima, haukuchubuka wala haukuungua. Kibati kikitulia, ncha mbili zinagusana, kikisogea, zinaachana. Koili yangu mpya na kondensa yangu mpya hazikuwa na kosa lolote, na zile za kaka yangu nilizozitupa hazikuwa nalo pia.

Kijana akakimbilia kuleta kipande cha waya wa kawaida. Mzee akakikataa, akasema kigumu, kitakatika kwa kupindwa pindwa. Akatafuta waya wa pasi ya umeme iliyokufa, wenye nyuzi nyingi laini, akaulehemu na kuupitisha kwa kulegea ili kibati kikisogea usivutike. Akasafisha pletini, akaweka nafasi ya sehemu nne za kumi za milimita, akafunga. Alipotaja ujira wake niliona haya, maana ulikuwa chini ya bei ya plagi moja niliyonunua Mombasa. Nikamwongezea, akapokea nusu ya nyongeza.

Nikahi ilifungwa baada ya Alasiri. Jioni binti akaingia nyuma na mama yake, akashusha kioo kidogo, akasema harufu ya viti ni ile ile. Mlima wa kwanza tulipanda kwa nguvu. Tulipofika tambarare nikaulegeza mguu makusudi, nikasikiliza. Gari likaendelea.