Panya kipara na tezi iliyokwama tumboni

Cheki panya huyu: hana manyoya, ngozi imejikunja kama ya mzee. Ukimwona utacheka. Lakini upara si shida yake kubwa. Shida iko kifuani.

Stori ilianza 1962 jijini Glasgow, Scotland, panya wa aina hii walipoonekana katika maabara ya virusi ya Hospitali ya Ruchill. Walikuwa wanaugua ovyo na kufa mapema. Mwaka wa 1968, mtafiti E. M. Pantelouris akaeleza sababu: hawana tezi ya thaimasi.

Tezi hii hukaa nyuma ya mfupa wa kifua, juu ya moyo. Ni kama shule ya bweni ya kinga ya mwili. Seli changa hutoka kwenye uboho na kuingia hapo kufunzwa kumtambua adui bila kumshambulia mwenyeji. Zinazofuzu huitwa seli T, na hiyo T ni ya thaimasi. Zile CD4 zinazoshambuliwa na HIV? Ni seli T pia.

Kumbe kila kitu huharibika kabla panya azaliwe. Mimba yake huchukua siku 20 hivi. Karibu siku ya 11, vijifuko viwili kooni mwa kiinitete huanza kuchipuza thaimasi. Kwa panya kipara pia huchipuza, ila hukwama hapo. Jeni ya FOXN1, iliyotambuliwa 1994, ndiyo huamuru tezi ikomae. Ikiwa mbovu, madarasa hayajengwi na wanafunzi hawapati pa kuingia. Jeni hiyo hiyo husimamia nywele, ndiposa panya akawa kipara.

Na usidhani hii ni hadithi ya panya tu. Kuna watoto, wachache sana, wanaozaliwa bila thaimasi. Bila matibabu, wengi hufa kabla ya kufikisha miaka 3, kwa maambukizi ambayo wewe ungeyashinda ukiwa kitandani.

Mwaka wa 2021 Marekani iliidhinisha tiba yao: thaimasi ya mtoto mwingine, iliyotolewa akifanyiwa upasuaji wa moyo na ambayo ingetupwa, hukatwa vipande na kupandikizwa kwenye misuli ya paja. Baada ya miezi 6 au zaidi, shule hufunguliwa. Ndani ya paja, aisee!

Sasa mcheke panya kipara ukitaka. Ila mheshimu pia.