Boriti Ndiyo Mwenye Nyumba: Mikahawa Ndani ya Majumba ya Mji Mkongwe (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia mlangoni, kwenye nakshi na njumu za shaba. Leo tuingie ndani, na tuingie na futikamba mkononi, maana upambaji wa mkahawa katika jumba la mawe la Unguja unaanzia kwenye kipimo ambacho mpambaji hana amri nacho: urefu wa boriti.

Boriti zile ni miti ya mikoko. Ukitaka mti ulionyooka na wenye nguvu ya kubeba dari, hupati mrefu kupita kiasi, na ncha zake mbili zinamezwa na kuta. Ndiyo sababu vyumba vingi vya zamani vina upana wa kama meta mbili na nusu hadi tatu, mwenyewe awe tajiri au mtu wa kati. Aliyejaaliwa alirefusha chumba, kukipanua hakuweza. Miti hiyohiyo ya Rufiji na Lamu ilipakiwa majahazini hadi Oman na Ghuba, na huko nako ikazaa vyumba vyembamba vilevile. Jamaa zetu waliohamia ng'ambo ile walikuta kipimo wanachokijua.

Sasa tandika meza. Meza ya watu wanne ina upana wa sentimeta 75. Weka viti na watu pande zote mbili, unakaribia meta moja na robo tatu. Chumba kikiwa cha meta 2.7, mhudumu amebakiwa na njia isiyotimia meta moja, naye kabeba sinia la samaki wa moto. Hapo ndipo mwenye mali anapopata wazo la kubomoa ukuta wa kati, vyumba viwili viwe ukumbi. Lakini ukuta ule, wenye unene wa nusu meta au zaidi, si pazia. Umebeba ncha za boriti za vyumba vyote viwili, na juu yake kuna ghorofa nyingine. Jumba la Beit al-Ajaib la hapa Mji Mkongwe, lililosimama tangu 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakafa, hali mafundi wamo kazini wakilikarabati. Chanzo cha ajali ile kina mjadala wake. Ninalosema mimi ni kwamba mawe na chokaa vikishachoka havikupi muda wa kukimbia.

Dawa ya wembamba ilikuwemo nyumbani siku zote, nayo ni baraza. Jenga benchi la kuegemea ukuta mzima, tandika mkeka na mito, weka meza nyembamba mbele yake: umeokoa nafasi ya viti vya upande mmoja, na hakuna kiti cha kusukumwa nyuma kimkwaze mhudumu. Vidaka, yale matundu yaliyojengewa ukutani, navyo vishike taa na vyombo, ili ukuta usitobolewe kwa drili. Nashangaa anayevinunulia vidaka vyake kabati la kuvifunika.

Kuhusu kuta zenyewe nitakuwa mkali. Mawe ya matumbawe yananyonya unyevu, na chokaa inauachia utoke taratibu. Ukipaka rangi ya mafuta ili ukuta ung'ae na ufutike, au ukilipu kwa saruji, umeuziba pumzi. Maji yanabaki ndani, chumvi inafura, lipu inabanduka. Niliwahi kula biriani mahali fulani (pasitajwe) kipande cha ukuta kikaingia sahani ya jirani yangu. Bili ililetwa kama kawaida.

Tupande juu. Wageni wanadhani mkahawa wa darini ni mtindo wa watalii, lakini katika nyumba za kale za Lamu jiko lenyewe lilikuwa juu, kidari cha meko, ili moshi na joto vijiendee zao. Kwa hiyo hapa Unguja hoteli ya Emerson on Hurumzi, katika jumba linalohusishwa na tajiri Tharia Topan, yule aliyegharimia jengo la Zahanati Kongwe, wanapowavua watu viatu na kuwakalisha chini kwenye mazulia juu ya paa, hawakuzua jambo. Upepo uko kule, na mtu aliyekaa chini hahitaji fanicha nzito.

Uzito ndio unaonitia hofu. Dari ya zamani ni boriti, juu yake mawe, juu yake chokaa iliyosakifiwa kwa kupigwa vibao siku nyingi. Tayari imebeba mzigo wake. Mkahawa wa leo unapandisha friza, majiko ya gesi na tangi la maji. Lita 1,000 ni tani nzima, kabla hujahesabu tangi lenyewe.

Mwaka mmoja nilifuatana na fundi mzee wa chokaa kukagua nyumba ya namna hiyo. Hakutazama rangi wala taa. Alisimama chumba cha chini ya paa, akawa anagonga boriti mojamoja karibu na ukuta, pale panapooza kwanza, kwa mpini wa nyundo, kichwa kainamisha, anasikiliza. Sita zilimjibu vizuri. Ya saba ililia kama debe tupu. Tukatoka kwenda kuangalia kilichokuwa juu yake, tukalikuta tangi, limejaa mpaka mdomoni, limefunikwa kwa makuti lisiharibu mandhari.