Magari ya rimoti: Nani anakula chaji?

Wauzaji wa vitu vya kuchezea wanayafahamu vyema malalamiko yanayowarudia kila baada ya sikukuu. Gari la rimoti halijavunjika, rimoti inashika, matairi yote yapo, lakini mteja amelirudisha dukani kwa madai kwamba halikai na chaji. Amelichaji kwa saa tatu, likatembea dakika tano, likazima. Muuzaji anaapa kwamba ndivyo lilivyotoka kiwandani, mteja anaamini ameuziwa betri feki, na mara nyingi kila mmoja ana sehemu ya haki.

Wiki hii ukurasa huu unaiangalia bidhaa hiyo kwa upande wa chaji peke yake, kwa kuwa hapo ndipo fedha ya mnunuzi na jina la muuzaji hupotea. Sehemu kubwa ya magari ya rimoti ya bei nafuu duniani hutoka Chenghai, eneo la viwanda vya vitu vya kuchezea katika mji wa Shantou, jimbo la Guangdong, China. Juu yake kuna magari ya wapenzi wa mchezo, yanayofunguliwa skrubu kwa skrubu na kuuziwa vipuri, kama yale ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, na Traxxas ya Texas, Marekani. Bei zinapishana mno, lakini kanuni ya chaji ni ile ile.

Uwezo wa betri huandikwa kwa mAh, yaani miliampia kwa saa. Ichukuliwe kama ujazo wa tangi. Gari linalofahamika sana kwa wanaoanza, WLtoys 144001, huuzwa na betri ya volti 7.4 yenye mAh 1,500, sawa na ampia 1.5 kwa saa moja. Tuseme mota inakula wastani wa ampia 9: gawanya 1.5 kwa 9, zidisha kwa 60, unapata dakika 10. Ulaji ukishuka hadi ampia 7.5, betri ile ile inatoa dakika 12. Kwa hiyo anayetaka dakika zaidi ana njia mbili, kuongeza tangi au kupunguza ulaji. Wanunuzi wengi hukimbilia ya kwanza, na wauzaji hawana sababu ya kuwazuia.

Kabla ya yote hayo kuna jambo la aibu kidogo. Magari mengi yanayolalamikiwa hayajawahi kujaa chaji hata siku moja. Chaja inayokuja kwenye boksi la gari la bei ya chini huwa dhaifu. Chukua chaja ya miliampia 250 na betri ya nikeli, ile inayoandikwa NiMH, ya mAh 1,500. Kwa hesabu ya darasani inahitaji saa 6, lakini betri ya aina hii hupoteza sehemu ya umeme kama joto wakati wa kuchaji, hivyo kwa vitendo ni kama saa 8. Aliyechomoa baada ya saa tatu ameondoka na chini ya nusu. Umeme ukikatika katikati, amepata pungufu zaidi, na kwa kuwa chaja nyingi za aina hiyo hazioneshi betri imefikia wapi, hana namna ya kujua. Muuzaji anayeandika saa za kuchaji kwa kalamu juu ya boksi amejiondolea kesi nyingi. Betri ya NiMH vilevile huvuja yenyewe ikikaa bila kutumika, kwa hiyo iliyochajiwa Jumapili iliyopita isitarajiwe kuwa imejaa Jumamosi hii. Ichajiwe siku ya kuchezwa.

Tukija kwenye ulaji wenyewe, mlaji mkuu ni kidole cha dereva. Mota ya umeme hunyonya ampia nyingi kuliko wakati wowote pale inapoanza kuzunguka kutoka kusimama, na mtoto anayebana kifyatuo hadi mwisho, akafunga breki, akabana tena, anailipia gharama hiyo mara kadhaa kwa dakika. Mwendo mkali nao una adhabu yake: nguvu inayohitajika kuukata upepo huongezeka mara nane kasi inapoongezeka mara mbili. Mchanga na nyasi ndefu ni hatari zaidi kwa gari la matairi madogo. Gari linalotoa dakika 10 kwenye sakafu ya saruji haliwezi kutoa dakika hizo ufukweni, na anayefikiria kununua magari matano ili akodishe kwa watoto wa mapumziko ya wikiendi alijue hilo kabla ya kupanga bei ya dakika.

Mlaji wa pili ni msuguano, na huu hauonekani. Mfano mzuri ni Tamiya TT-02, gari la kujiunganishia lililotoka mwaka 2013 na ambalo wengi wameanzia mchezo huu. Toleo lake la kawaida huja na bushi za plastiki mahali ambapo ekseli hupita, na wenye kulitumia sana huzibadilisha kwa beringi za chuma. Plastiki husuguana, hushika vumbi, na huliwa hadi ekseli ikaanza kucheza. Hata hivyo, kabla ya kununua beringi, kipimo cha bure kipo. Zima gari, linyanyue, zungusha tairi kwa mkono. Likiwa zito au likisimama papo hapo, kuna kitu kimeshika: nywele na nyuzi za zulia zilizojizungusha kwenye ekseli, giya mbili zilizobanwa pamoja kupita kiasi, au skrubu iliyokazwa mno. Giya zinatakiwa ziwe na nafasi ndogo sana kati ya meno. Wapo wanaotumia kipande cha karatasi: unakipitisha kati ya giya, unakaza mota, kisha unakitoa.

Mlaji wa tatu ni uwiano wa giya, ambapo tamaa ya mwendo huingia. TT-02 hutoka na giya ndogo ya mota, pinioni, yenye meno 22, ikizungusha giya kubwa ya meno 70. Anayeanza husikia kwamba pinioni kubwa huongeza mwendo, na ni kweli, lakini hulazimisha mota kusukuma mzigo mzito zaidi na ampia hupanda. Kinyume chake, kushuka jino moja au mawili hupunguza kasi ya mwisho kidogo, huongeza dakika na huiacha mota ikiwa baridi zaidi. Gari likitoka kukimbia dakika tano, sogeza kidole kwenye mota kwa tahadhari. Kama huwezi kukiacha hapo, chaji yako inageuka kuwa joto badala ya mwendo.

Viunganishi vya betri navyo visisahaulike. Ampia 20 zikipita kwenye plagi iliyolegea au yenye kutu, hata ukinzani wa sehemu mbili tu katika mia za omu hula wati 8, na plagi huanza kulainika. Plagi nyeupe za plastiki za mtindo wa zamani wa Tamiya zina tabia hiyo zikichakaa. Fundi yeyote wa redio mwenye chuma cha kulehemu anaweza kuweka plagi imara, ilimradi asichanganye nyekundu na nyeusi.

Sasa betri yenyewe. Magari ya miaka ya 1980 na 1990 yalitumia nikeli-kadimiamu, ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika betri nyingi za kubebeka kwa agizo la mwaka 2006 kwa sababu ya sumu ya kadimiamu. Ikafuata NiMH, kisha betri za lithiamu, ambazo Sony ilizifikisha sokoni mwaka 1991. Jambo la kumhusu mnunuzi ni kwamba ushauri wa zama za kadimiamu bado unatembea mitaani: eti betri imalizwe kabisa ndipo ichajiwe. Kwa lithiamu ushauri huo ni uharibifu. Seli moja ya lithiamu ya magari haya hujaa kwenye volti 4.2, na isishuke chini ya volti 3. Ikishushwa zaidi hupoteza uwezo, huvimba, na ikichajiwa tena inaweza kuwaka moto. Gari likianza kulegea, acha. Aidha, gari lililotengenezwa kwa ajili ya NiMH, ambalo kidhibiti mwendo chake hakina uwezo wa kukata umeme mapema, lisiwekewe betri ya lithiamu bila king'ora kidogo cha volti, na chaja ya NiMH isichajie lithiamu kamwe.

Kwa upande wa betri kubwa zaidi, tahadhari ya kwanza ni lebo. Seli za duara za 18650, zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, hutumika katika magari mengi ya bei nafuu. Seli bora za ukubwa huo kutoka viwanda vinavyoheshimika hufikia takriban mAh 3,500. Anayekuuzia iliyoandikwa mAh 9,900 anakuuzia wino. Mizani ya jikoni husaidia hapa: seli halisi ina uzito wa gramu 45 hivi, na feki nyingi ni nyepesi mno.

Tufanye hesabu ya mfano, na bei hizi ni za mfano tu, si za soko. Betri ya pili ya mAh 1,500 ni sh. 30,000, betri moja ya mAh 3,000 ni sh. 55,000, pinioni ndogo ni sh. 8,000. Betri ya pili inaongeza dakika 10, sawa na sh. 3,000 kwa dakika. Ile kubwa inaifikisha safari dakika 20, yaani nayo inaongeza 10 tu juu ya ulizokuwa nazo, kwa sh. 5,500 kila dakika, tena ina uzito zaidi na huenda isiingie kwenye nafasi yake. Pinioni inayoshusha ulaji kutoka ampia 9 hadi 7.5 inaongeza dakika 2 kwa kila betri. Mwenye betri mbili amepata 4, kwa sh. 2,000 kila moja. Beringi hatukuziweka, kwa sababu kwa maoni yetu thamani yake ni gari kudumu kuliko dakika, ingawa wauzaji wa vipuri husema vingine. Mwenye betri mbili naye aipe mota dakika kumi za kupoa kati ya moja na nyingine, na betri iliyotoka garini ikiwa ya moto isichajiwe mpaka ipoe.

Kwa mfanyabiashara, betri za ziada na chaja bora ndizo zinazomrudisha mteja dukani, kwani gari hununuliwa mara moja. Lakini betri ya lithiamu ni mali inayoharibika, kama vile nyanya. Ikikaa ghalani ikiwa imejaa, katika joto la Dar es Salaam au Mombasa chini ya bati, huchakaa na kuvimba. Ikikaa ikiwa tupu, hushuka chini ya kikomo na kufa ikiwa ndani ya boksi lake. Hifadhi salama ni karibu volti 3.8 kwa kila seli, mahali pakavu na penye ubaridi, na kupima kila baada ya miezi michache. Anayenunua shehena ya bei ya kutupa aulize zimekaa ghalani muda gani, kisha apime chache kwa mita kabla ya kutoa fedha. Iliyovimba haipunguziwi bei, inatolewa dukani.

Usafirishaji una masharti yake. Tangu Aprili 1, 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake, bila kifaa chake, haziruhusiwi kama mizigo katika ndege za abiria. Huenda kwa ndege za mizigo zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30. Muuzaji wa China anatakiwa kuwa na ripoti ya majaribio ya Umoja wa Mataifa yajulikanayo kama UN 38.3, na kartoni isiyo nayo inaweza kukwama kwa wakala wa mizigo huku kodi ya fremu ikiendelea kuhesabiwa. Abiria anayebeba betri zake mwenyewe huziweka kwenye begi la mkononi, plagi zikiwa zimefunikwa, na kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 kwa betri moja. Zidisha volti kwa ampia-saa: 7.4 mara 5 ni 37, kwa hiyo hata betri ya mAh 5,000 inapita.