Mkonga, Passo na tabia ya mwenye gari

Ukitaka kumtambua mfanyakazi wa mgodi mkubwa mjini Geita siku yake ya mapumziko, usitafute sare wala kofia ngumu. Tazama anavyoegesha gari. Wenzake wanaingia kwenye uwanja wa kanisa wametanguliza shoo, pua ya gari inakaribia kugusa ukuta. Yeye anazunguka, anarudi kinyumenyume taratibu, ananyoosha matairi, kisha anazima injini uso wa gari ukielekea barabarani. Kazini ndivyo alivyofundishwa. Migodi mikubwa karibu kote duniani huagiza magari yaegeshwe hivyo, ili dharura ikitokea dereva aondoke huku anaona mbele. Humo ndani hata honi ina utaratibu wake: moja, injini inawashwa, mbili, gari linakwenda mbele, tatu, linarudi nyuma. Baada ya miaka kadhaa mkono unazoea, na majirani wanaanza kusema jamaa ni makini, mtu wa mipango. Huenda ni kweli. Huenda pia kitanda chake hakijatandikwa tangu Jumatatu.

Kwamba gari humsema mwenyewe ni hoja inayozungumzwa kijiweni na chuoni vilevile. Jan-Erik Lönnqvist wa Chuo Kikuu cha Helsinki na wenzake waliwahoji wenye magari 1,892 nchini Finland, na matokeo yao yakatoka 2020. Wanaume wabishi, wagumu wa huruma na wasiojali wenzao walielekea zaidi kumiliki Audi, BMW au Mercedes-Benz. Hapo wengi hucheka na kufunga mjadala, kumbe utafiti ulikuwa na nusu ya pili. Watu wenye nidhamu, wanaopanga mambo yao na kuyamaliza, wanaume kwa wanawake, nao waliyapenda magari hayohayo. Benzi moja, basi, inaweza kuwa ya mkorofi au ya mtu mwaminifu wa kazi, na ukiwa nje ya kioo huwezi kujua ni yupi.

Tena hao ni watu wa Finland, ambao wengi wao huchagua. Kahama mtu anaanza na kikokotoo cha kodi.

Gari lililotumika Japani likishuka bandarini Dar es Salaam, Mamlaka ya Mapato (TRA) hulitazama injini na umri. Injini isiyozidi cc 1000 haitozwi ushuru wa bidhaa. Ikizidi hapo hadi cc 2000, ni asilimia 5. Zaidi ya hapo, asilimia 10. Gari lililofikisha miaka 8 linaongezewa asilimia 15, na lililofikisha 10 linaongezewa 30. Bado kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, na kila kodi inakaa juu ya iliyotangulia. Ndiyo maana mitaa ya Shinyanga mjini, Kahama na Geita imejaa Vitz na Passo zenye injini zisizofika cc 1000, pamoja na IST, gari ambalo Toyota ililizindua 2002 likiwa na injini ya cc 1300 au 1500. Wapo wanaoyakejeli magari hayo kwa jina la bebi woka. Mwalimu wa sekondari anayeendesha Passo hakuongozwa na unyenyekevu wala woga wa mwendo. Alipiga hesabu, akaona Noah itamla mkopo wote kabla haijafika Chalinze.

Kodi ikishalipwa, barabara inadai yake. Shinyanga ina udongo mweusi wa mbuga, mgumu kama tofali wakati wa kiangazi, mvua ikinyesha unashika tairi na kukataa kuliachia. Ukielekea Geita udongo unakuwa mwekundu na vumbi lake linaingia hadi kwenye begi lililofungwa zipu. Kwa hiyo IST ya huku hunyanyuliwa. Fundi anafungua shokapu, anaweka spesa juu yake, anakaza boliti, na gari linapanda inchi moja au mbili. Mgeni akiliona limesimama juu kama mbuzi aliyesikia fisi, anadhani mwenyewe ni kijana wa mbwembwe. Kijana anaokoa sampo ya oili isipasuliwe na jiwe.

Lakini gari linalosemwa kuliko yote katika ukanda huu ni mkonga, yaani Land Cruiser ya mfululizo wa 70, Hardtop au pikapu, iliyopewa jina hilo kwa bomba la kuvutia hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele. Toyota iliitoa 1984, na aliyeiona mwaka huo angeitambua hata leo. Injini yake maarufu, 1HZ ya dizeli, ilianza 1990: mitungi sita, lita 4.2, haina turbo wala kompyuta ya kuikataza kuwaka kwa sababu ya dizeli chafu. Pampu ni ya kimakanika, na fundi aliyejifunzia kazi chini ya mwembe anaifungua na kuirudisha. Haina mbio. Inakunywa mafuta. Springi zake za majani humkumbusha abiria wa nyuma kila shimo la safari. Pamoja na hayo yote, mgodi ukiulizwa unataka gari gani, unataka hilo.

Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji 2000, Bulyanhulu ukafuata 2001, na Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, ukafanya kazi kuanzia 2009 hadi 2021. Kwa robo karne, basi, watu wa huku wameona mikonga myeupe ikiingia na kutoka getini, taa ya rangi ya chungwa juu ya paa na bendera kwenye fimbo ndefu inayoyumba. Bendera ile si pambo. Dereva wa lori la mgodini linalobeba tani 90 au zaidi ameketi juu sana, na Land Cruiser ikisogea karibu na tairi lake inamezwa na kivuli. Kinachoonekana ni bendera. Ila kwa mtoto aliyesimama kando ya barabara, gari lile lilisema jambo rahisi zaidi: humo kuna mshahara.

Haishangazi kwamba mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa akipata, yaani duara lake, shimo analochimba, likitema dhahabu, macho yake yanakwenda huko. Sababu za kazi anazo. Mkonga unabeba viroba vya mawe hadi kwenye karasha la kuyasaga, unabeba dizeli ya kompresa, unapita njia ambayo Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kililala jana. Lakini unafanya na kazi nyingine: unawaambia wenye mitaji, wenye mashine na wauza baruti kwamba huyu anakopesheka. Katika biashara ambayo mali yote iko chini ya ardhi na hakuna anayeiona, gari ndilo taarifa ya benki inayotembea. Anayemwita mnunuzi wa aina hiyo mpenda sifa hajaelewa biashara ya duara.

Dalali wa dhahabu ana hesabu iliyogeuzwa. Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na mtu anayelipelekea mzigo kutoka machimboni anabeba kitu chenye thamani kubwa kinachoenea kwenye mfuko wa suruali. Mtu kama huyo ana sababu nzuri ya kupanda mchomoko, ile Probox ya abiria waliobanana, akakaa katikati ya mama mwenye kuku na fundi seremala. Ukimsoma kwa gari alilopanda, utampa pole.

Kosa lingine la wasomaji wa magari ni kutosoma namba. Namba za njano ni za gari binafsi, nyeupe ni za biashara. STL, SU na DFP zinasema gari ni la serikali, la shirika la umma au la mradi wa wafadhili, kwa hiyo tabia ya dereva haihusiki, alikabidhiwa ufunguo. Mizengo Pinda alipokuwa Waziri Mkuu aliyapigia kelele mashangingi ya serikali bungeni, na hoja yake ilikuwa gharama, si majivuno ya dereva. Kwa gari binafsi, herufi ya kwanza baada ya tarakimu ndiyo inayoamua heshima: namba E inasimuliwa na mwenyewe bila kuulizwa, wakati mwenye namba A hujitetea kwamba injini za zamani ndizo zenyewe.

Ushahidi ulio imara zaidi, kwa kweli, unawahusu watazamaji. Mwaka 1968 Anthony Doob na Alan Gross walichapisha jaribio walilofanya barabarani California. Gari lilisimama kwenye taa, taa ikawaka kijani, lisiondoke. Lilipokuwa gari kuukuu, asilimia 84 ya madereva wa nyuma walipiga honi. Lilipokuwa Chrysler mpya ya kifahari, asilimia 50 tu. Wanafunzi wa kiume walioulizwa pembeni walijigamba kwamba wangelipigia honi la tajiri haraka zaidi. Aliyewahi kukaa nyuma ya mkonga uliosimama katikati ya barabara pale Kahama dereva wake akisalimiana na mtu anajua jinsi honi inavyokuwa nzito.

Hata sura ya gari inasomwa. Sonja Windhager na wenzake wa Vienna waliwaonyesha watu wa Austria, na baadaye wa vijijini Ethiopia, picha za magari kwa mbele, na mwaka 2012 wakaripoti kwamba pande zote mbili ziliona mambo yanayofanana: taa kubwa zilileta picha ya utoto, gari pana lenye taa nyembamba likaonekana la kiume na la kutawala. Passo imeadhibiwa kwa macho yake, na aliyelipia hakuyachora.

Kwa hiyo msomaji unayejiandaa kununua, waachie majirani kazi ya kusoma tabia, wataifanya hata usipowaomba. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni kabla hujatuma hata senti Japani, angalia cc na mwaka wa kutengenezwa, na kama gari litakwenda machimboni wakati wa masika, weka bajeti ya spesa mapema.